Tanuri Halina Kidole

Tik.

Sauti ndogo, kama kijiko kilichogusa ukingo wa glasi. Nilifumbua macho gizani nikasubiri. Panya hana mlio ule, na bati la nyumba yetu likijikunja kwa baridi hugonga kama mtu aliyenuna. Nilihesabu pumzi za Tusekile, mwanangu wa miaka minne, aliyelala ubavuni mwangu upande wa ukuta unaopashwa joto na sanduku la sebuleni. Pumzi ya sita, ya saba.

Tik.

Mtu mwingine angejifunika alale tena. Mimi niliruka kitandani, kwa sababu sauti ile ndiyo kazi yangu. Ilikuwa lakiri ya kioo inapasuka, na lakiri ya kioo haipasuki ikiwa motoni. Hupasuka ikipoa. Nilipapasa ukuta. Ulikuwa baridi tupu.

Sebuleni mama mkwe alikuwa ameshaamka. Alijitanda blanketi, ameinama mbele ya sanduku, kidole kikitafuta swichi kwa mwanga wa simu yake.

"Mama, usiwashe."

"Kamwene kwanza," alisema bila kugeuka. "Kumekucha, watu husalimiana."

"Kamwene, Mama. Toa mkono hapo, tafadhali."

"Nilizima jana tulipokwisha kula. Moto usio na sufuria unampikia nani? Siku tatu nipo hapa naona linawaka tu, linawaka tu, kama nyumba ya mganga. Sasa nawasha nichemshe chai."

Nilimshika mkono. Mkwe humshiki mkono, kwetu hata kupishana naye mlangoni kuna utaratibu wake, na mimi niliushika kama wa kibaka. Akanitazama kwa ule mwanga wa simu, mdomo wazi.

"Enesia. Ndiyo tumefikia huko?"

"Nitapiga magoti baadaye, Mama. Ukiwasha hili sanduku sasa, hatutafika saa moja."

Hapo alielewa. Hapa Ikelo hakuna ukoo usio na kaburi la mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani. Baridi ya Julai huchoma majani ya viazi yakawa meusi, na watu hufunga madirisha, huingiza jiko, hulala, basi. Kwetu ni kaka yangu Danieli na mkewe. Masanduku yalipoanza kuletwa Februari, moja kila nyumba hadi zitimie nyumba mia tisa, tuliambiwa kifo kile kimekwisha. Gesi inatoka kwenye mashimo ya samadi ya mtaa, inapita kwenye bomba, inaingia sandukuni, na humo ndani haiungui kwa mwali. Inageuka umeme na joto, bila moshi. Niliamini. Niliamini kiasi cha kwenda kuomba kazi ya kuyatengeneza, mtoto mgongoni.

Nilichukua bisibisi, nikafungua mfuniko wa nyuma, nikamulika.

Ndani ya sanduku kuna rundo la sahani arobaini za kauri, nyembamba kuliko ganda la yai, kila moja imekaa juu ya bamba la chuma. Upande mmoja wa sahani hupita gesi, upande wa pili hewa, kwa joto la nyuzi mia nane. Zikikutana pasipo mpango, kuna balaa, hutoka hewa ya sumu kama ya mkaa. Kinachozitenganisha ni mstari wa kioo kwenye kingo, upana wa kidole kidogo. Hiyo ndiyo lakiri, na sisi kina mama kumi na mmoja ndio tunaoipiga, kwa mkono, kwa uji wa unga wa kioo unaokaukia kidoleni kama uji wa mtoto.

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Ulianzia pembeni, ukapita katikati ya alama ya kidole gumba iliyogandia kwenye kioo.

Kila mpiga lakiri huweka gumba lake kwenye kona kabla rundo halijaingia tanurini. Hakuna aliyetuamuru. Alianza Bi Sevelina, aliyetufundisha kazi, akasema fundi asiye na alama ni kibarua. Tukapenda. Tulikuwa tukitembea mjini tunajisifu: nyumba ile ni gumba langu, zahanati ni gumba lako.

Nilisogeza taa karibu. Kovu la kisu, mkato wa mlalo. Lilikuwa gumba langu mwenyewe.

*

Karakana ya lakiri iko nyuma ya kiwanda, na siku hiyo ya Jumatatu ilikuwa inaoshwa. Mabango ya sherehe ya uzinduzi yalikuwa yanatundikwa. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi masanduku yote ya mji yatazimwa kwa amri moja kutoka kituoni, yapoe. Jumamosi jioni mgeni rasmi atabonyeza kitufe uwanjani na nyumba zote mia tisa zitawaka kwa pamoja, zipigwe picha kutoka angani. Mji ambao tayari una umeme utanyimwa umeme ili mgeni apewe heshima ya kuuwasha. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo wiki nzima, nikacheka kama wengine. Jumatatu halikunichekesha.

Sikumwambia mtu. Nilichukua marundo matatu kutoka ghalani, ya wapiga lakiri watatu tofauti, nikayaweka kwenye tanuri dogo la majaribio. Nikayapandisha hadi nyuzi mia nane polepole, nikayaacha yatulie, nikayazima. Jumanne asubuhi niliyatoa yakiwa baridi, nikapaka maji ya rangi kwenye kingo. Rangi haidanganyi: penye ufa hunyonya.

Yote matatu yalinyonya.

Nilikaa chini. Mikono yetu haiwezi kukosea pamoja, kila mmoja kwa namna ileile. Kwenye shule ya jioni mwalimu wetu wa kemia alikuwa akisema, kitu kikiharibika kwa mmoja tafuta mkono, kikiharibika kwa wote tafuta chungu. Basi nikaenda kwenye chungu. Tanuri kubwa lina skrini pembeni inayoonyesha kila mchomo uliopita. Nikarudi nyuma, Juni, Mei, Aprili.

Uji wa kioo ukiyeyuka haujawa lakiri bado. Lazima uachwe kwenye joto, saa kumi, utulie kama ugali unaofunikwa moto ukiwa mdogo. Katika zile saa kumi kioo huota chembechembe ndani yake, na chembe hizo ndizo zinazokifundisha kusinyaa sawa na chuma kilichokishika. Ukikiharakisha kinabaki kioo tupu. Kikiwa motoni ni kilaini, kinajiziba chenyewe, huwezi kuona kosa. Siku ya kupoa, chuma kinasinyaa sana, kioo kidogo, na mmoja lazima apasuke.

Hadi tarehe nane Aprili skrini ilionyesha saa kumi. Kuanzia tarehe tisa ilionyesha saa tatu.

Na anayeweza kubadilisha namba hiyo ni mtu mmoja, kwa neno la siri.

*

Injinia Kihwele si mtu mbaya wa hadithi. Alinisaidia kupata kazi. Tuse alipougua nimonia alinipa gari la kiwanda bila kuandika popote. Ndiyo sababu Jumanne mchana niliingia ofisini kwake na yale marundo matatu mikononi, na la nyumbani kwangu juu yake, kama mtoto anayempelekea baba kitu kilichovunjika.

"Kaa, Mama Tuse. Hizo nini?"

"Zimepasuka zote, Injinia. Kwa kuzimwa mara moja tu."

Aliziangalia bila kuzigusa. "Watu wanazima ovyo. Kwenye karatasi tuliandika wasizime bila sababu."

"Ijumaa nani anazima?"

Akavua miwani. Nje mtu alikuwa anapigilia msumari wa bango.

"Saa kumi zikawa tatu, Injinia. Nimeona kwenye skrini."

"Nani alikufundisha kusoma ile skrini?"

"Wewe."

Alicheka kidogo, akaacha. "Sikiliza. Nyumba mia tisa, tanuri moja. Kwa saa kumi, tungemaliza Disemba. Niliomba miezi minne zaidi. Niliandika barua mbili. Tarehe ilipangwa na watu ambao mimi kwao ni karani tu. Sasa ungefanya nini wewe?"

"Ningesema."

"Ungesema." Alirudia neno lile kama linamuuma jino. "Si zote zitapasuka. Zitapasuka chache, tutabadilisha moja moja, kimyakimya, mwaka haujaisha zimekwisha."

"Chache ngapi?"

"Sijui."

"Mimi nimejaribu nne. Nne zimepasuka."

"Kuna kengele ya hewa chafu kwenye kila sanduku."

"Kengele inakula umeme wa sanduku lenyewe. Dakika arobaini za mwanzo sanduku linapashwa kwa gesi, umeme bado. Kengele imelala, Injinia. Na Jumamosi jioni Ikelo nzima watakuwa wamefunga madirisha kwa baridi ya siku mbili bila joto, wamekaa sebuleni wanasubiri taa iwake. Watoto mbele."

Nilisikia sauti yangu ikipanda. Nimelelewa kutomkaripia mtu aliyenizidi umri, na siku zote hasira yangu imekuwa ya kuosha vyombo kwa nguvu. Siku hiyo sikuwa na vyombo.

"Shusha sauti," alisema.

"Wacheni yaendelee kuwaka. Ndicho ninachoomba, hata sikuombi ukiri. Yakiwa na moto ni salama. Msizime. Mgeni abonyeze kitufe cha taa za uwanjani, apigiwe makofi, aende zake. Sisi tutabadilisha rundo moja baada ya jingine, kwa saa kumi, hata tukimaliza mwakani."

"Na nikipigiwa simu nikaulizwa kwa nini mji hauzimwi, niseme nini?"

"Sema lakiri mbovu."

"Mbovu kwa sababu ya nani?"

Jibu alilijua. Alivuta marundo yale manne karibu yake, moja moja, akayageuza kona. Akachukua kalamu. Mimi nilidhani anaandika kipimo cha ufa. Kweli nilidhani hivyo, nikabaki nimesimama namsaidia kushika taa.

*

Jumatano asubuhi ripoti ilikuwa ubaoni. "Uzembe wa upigaji lakiri." Majina manne, yaliyosomwa kwenye magumba: Enesia Mwalongo, Sevelina Mgaya, Tulizo Sanga, Rehema Nyagawa. Wanasimamishwa kazi hadi baada ya sherehe. Ratiba ya Ijumaa haibadiliki.

Walinikuta kwenye bomba la maji. Tulizo alikuwa analia. Bi Sevelina hakulia. Ni mwanamke mfupi, mgongo umenyooka kama amebeba kitu kichwani, na alikuja hadi pua yake ikakaribia kifua changu.

"Umechukua gumba langu ukalipeleka mezani kwa Injinia."

"Bi Seve, nilichukua marundo, sikuangalia..."

"Hukuangalia. Mimi nakufundisha kuangalia hata povu la uji, wewe hukuangalia gumba la mwalimu wako."

"Lakiri haina kosa. Ni tanuri."

"Najua ni tanuri. Unadhani mimi mjinga? Tangu Aprili naona kioo kinatoka kinang'aa kama pipi. Lakiri iliyoiva haing'ai." Alivuta pumzi. "Lakini tanuri halina kidole, mwanangu. Sisi tunavyo, na tumeviweka wenyewe, kwa raha zetu, mia tisa."

Maji yalikuwa yanamwagika ndooni, Rehema akayafunga.

"Uliona tangu Aprili," nikasema.

"Usinianze."

"Uliona ukanyamaza."

"Na wewe je? Kinang'aa kama pipi, macho huna?" Alisema, na ilikuwa kweli. Niliona. Nilidhani inapendeza. "Nina wajukuu watano ndani, Enesia. Nikasema nitauliza wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa Julai."

"Ukitangaza mjini," alisema Tulizo huku akijifuta, "wakafungua masanduku, wataona nini? Skrini iko kiwandani, na mwenye neno la siri ni Injinia. Nyumbani kwao kuna magumba yetu tu. Mtu akifa ni sisi. Mtu asipokufa, tumeharibu sherehe, ni sisi. Tukae kimya, dada. Huenda zisipasuke."

"Za wajukuu wa Bi Seve zimepigwa na nani?" nikauliza.

"Nyamaza," alisema Bi Sevelina.

"Nauliza tu."

"Nilipiga mimi mwenyewe." Alisema polepole. "Nilitaka iwe nzuri."

Nilikuwa na hasira na Injinia, na waliopanga tarehe, na mgeni rasmi ambaye labda hata hajui Ikelo iko wapi. Pale bombani hasira ikageuka ikanitazama mimi. Nikiwaambia watu, ninawatia hawa wanawake kumi hatarini kwa kosa la namba iliyoandikwa na mtu mwingine. Wana watoto kama mimi. Nikinyamaza, ninawafungia watu ndani na hewa ileile iliyomchukua Danieli, halafu nasubiri nione ni nyumba ngapi.

Haikupaswa kuwa mimi wa kuchagua. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu mwenye kiti na neno la siri alichagua Aprili, uchaguzi ukateremka ngazi hadi ukafika kwenye bomba la maji, kwa mwanamke aliyevaa ndala.

"Nyuma ya kila sanduku kuna komeo la huduma," nikasema. "Mnalijua."

Walilijua. Ni kikomeo kidogo chini ya mfuniko. Mafundi hulishusha wanapofanya matengenezo, ili sanduku lisisikie amri ya kituoni likazimika mikononi mwao. Likishushwa, sanduku linaendelea na moto wake, watu wa kituoni wapige kelele watakavyo.

"Nyumba mia tisa," alisema Rehema. "Sisi kumi na mmoja. Kesho tu."

"Mabalozi wa nyumba kumi wako tisini. Tukiwafundisha wao, kila mmoja ana milango kumi. Ni kazi ya bisibisi na dakika mbili."

"Mabalozi huitwa na mtendaji wa mtaa," alisema Bi Sevelina. "Mzee Lupenza hawezi kuita hata mkutano wa takataka bila barua."

"Basi tutamfuata."

Bi Sevelina alinawa mikono, ingawa ilikuwa safi, akaipangusa kwenye kitenge.

"Wewe utasema," akasema. "Mimi nitasimama tu. Nikifungua mdomo nitamtukana mtu."

*

Mzee Lupenza alitusikiliza Alhamisi saa nane mchana akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi, ili tusiketi. Nilimweleza kila kitu: saa kumi na saa tatu, chuma na kioo, kengele iliyolala. Tuse alikuwa amenishika sketi, kwa sababu mama mkwe alikwenda kliniki. Bi Sevelina alisimama nyuma yetu kama nguzo.

"Mnajua mimi siyo fundi," alisema Mzee Lupenza.

"Ndiyo, Mzee."

"Ubaoni pale kiwandani imeandikwa nyinyi ndio mlioharibu."

"Imeandikwa hivyo."

"Sasa waharibifu wananiambia nizuie sherehe ambayo mgeni wake ameshalala Makambako." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu anayepima mguu wapi pa kukanyaga. "Mabalozi tisini wakishusha hayo makomeo na kukawa hakuna tatizo lolote, mimi kesho nalima viazi."

"Na tatizo likiwepo, Mzee?"

Alijikuna kidevu. Alikuwa na mtoto aliyefiwa na mkewe kwa mkaa, mji mzima tunajua, na nilimwona akilifikiria hilo bila kutaka nimwone.

"Injinia ndiye mwenye elimu yake," akasema mwisho. "Akiniambia usoni pangu kwamba ni salama, nimemaliza. Akisita, nitaita mabalozi jioni hii hii. Twendeni kwake."

Nilijua hatasita. Nilikwenda hata hivyo, maana mlango mwingine haukuwepo.

Nyumba ya Injinia iko juu ya kilima, ukuta wake umepakwa rangi ya maziwa. Alitufungulia mwenyewe, amevaa sweta, kikombe cha chai mkononi. Alipomwona mtendaji alinyoosha mgongo. Alipotuona sisi nyuma yake, uso wake ulifungwa kama duka.

"Karibu, Mzee wangu. Karibuni ndani."

"Hatukai, Injinia. Nina swali moja. Kina mama hawa wanasema kesho tukizima, lakiri zitapasuka, na Jumamosi tukiwasha, hewa ya sumu itaingia majumbani. Nataka jibu lako, nikalale."

Injinia aliweka kikombe juu ya ukuta wa baraza. Akanitazama kwa huruma, na ile huruma nusura initoe akili.

"Mzee, Mama Tuse ni mfanyakazi mzuri. Ana uchungu. Alimpoteza kaka yake kwa mkaa, sasa kila hewa kwake ni mkaa. Ni ubinadamu. Marundo machache yalipigwa vibaya, tumeshayajua, tumechukua hatua. Hayo mengine ni salama."

"Yote?"

"Yote."

"Taja saa za tanuri," nikasema. "Mtajie Mzee saa za tanuri kabla ya Aprili na baada ya Aprili."

"Hayo ni ya kitaalamu."

"Ni namba mbili tu."

"Mama Tuse, usinivunjie heshima mlangoni kwangu."

"Heshima," alisema Bi Sevelina. Hilo tu, na lilitosha kuwa tusi.

Mzee Lupenza aliinua mkono. "Imetosha. Injinia, unazima kesho?"

"Saa kumi na mbili kamili. Bila wasiwasi."

"Basi." Mtendaji alivuta kofia, na niliona mabega yake yakishuka. Sijui yalishuka kwa ahueni au kwa kitu kingine. Alinigeukia, akasema kwa upole kabisa, "Nenda nyumbani, mwanangu. Umejaribu. Mpeleke mtoto akapumzike."

Nilibaki nimesimama, bisibisi mkononi, ile niliyoibeba tangu asubuhi nikitarajia milango mia tisa. Nilitaka kusema kitu kikubwa, kitu ambacho mtu angekikumbuka. Hakikuja. Kilichokuja ni hesabu: kutoka kilimani hadi kwangu ni milango sitini. Nikianza sasa, nikibisha bila balozi, bila barua, nikikimbia, hadi giza liingie nitafika milango ishirini. Basi ishirini. Wakinifunga, watanifunga nikiwa na ishirini. Nilimpandisha Tuse mgongoni nikakaza kanga.

"Ninaanza na kwa jirani yako, Injinia," nikasema. "Piga simu kwa unayempigia."

"Mzee, umesikia mwenyewe anavyo..."

Kwenye mlango, chini ya mkono wa Injinia, kilitokea kichwa cha mtoto. Ni Vaileth, binti yake wa darasa la kwanza, nywele zimesukwa upande mmoja tu, upande mwingine bado. Tuse humpenda kwa sababu huwa anampa maganda ya penseli. Aliiangalia bisibisi yangu, akaangalia mfuko wa vifaa aliobeba Bi Sevelina, akatuona sisi ni mafundi tuliokuja kufanya kazi.

"Vaileth, ingia ndani," alisema baba yake.

Hakuingia. Alikuwa ameshaanza kutusaidia, kwa sauti ile ya mtoto anayejua jibu darasani.

"Komeo la kwetu baba alilishusha juzi."